Mguso wa Kiume

Kel, siamini nilichokiona leo kwenye mazoezi ya raga.

Kocha Sugden katangaza mwenyewe: "Wanangu, ardhi imeganda barafu. Leo mguso tu, hakuna kuangushana."

Haikupita hata robo saa, anafoka: "Mbona mnagusana kama wachumba? Gusaneni kiume!"

Basi mwenzetu Oldroyd akaguswa kiume. Akazimia palepale!

Alipozinduka, daktari akamuuliza tuko wapi. Eti, "Blackpool, harusini kwa dada."

Meneja akaja mbio, nikadhani kaleta blanketi. Wapi! Kaja na mwanasheria wa klabu. Meneja akatuuliza: "Kocha aliwaambia mguso tu, sivyo?"

MGUSO TU, Kel!

Tukaitikia wote: "Ndiyo, bosi." Na mimi nimo.

Aliyegongwa kichwa ni Oldroyd, waliopoteza kumbukumbu ni sisi.