Kimto cha Minza

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mvua tangu asubuhi. Tumekutana barazani kwa Mama Esperansi, Mtendeni, sote wanne — yeye, Zamda, Minza na mimi. Majina kwenye kikombe, kila mmoja kachomoa lake. Sheria ni zile zile. Hakuna kununua kitambaa. Kila kiraka kitoke kwenye nguo iliyovaliwa na mmoja wetu. Zawadi ienee kiganjani. Na anayepokea haambiwi nani kashona. Anakisia. Ukweli unasemwa mkutano unaofuata.

Nimepata Minza.

Mama Esperansi kanikatia kipande cha kitenge chake cha kijani, kile cha mikia ya tausi. Amekivaa kila Jumapili tangu alipohamia mjini kutoka Ulyankulu, mumewe alipokufa. Mtendeni nzima inakijua. Alikikata bila huruma, na mimi nikasikia kama anajikata mwenyewe. Zamda akasema huyu Mwalimu mahari yake ni mkasi. Wananiita Mwalimu kwa sababu ya biolojia ninayofundisha tuisheni huku nikisubiri ajira.

Napenda sauti ya mkasi. Napenda kitambaa kinavyosalimu amri. Leo nimejichoma mara kadhaa nikaacha damu ikaukie kidoleni. Kazi ya upole, watu husema. Mimi inanitia hasira tamu. Mama Esperansi anasema nashona kama mtu anayegombana.

Jumanne, 14 Januari

Nimeamua: kimto cha kuchomekea sindano. Za Minza zote zina kutu, na unyevu wa mwezi huu hauna adabu. Ndani sitii pamba. Natia nywele. Nywele zina mafuta, sindano haishiki kutu.

Nimepita saluni kwa Zamda kabla hajaanza kazi. Anazo tele — kiroba kizima cha mahindi, kimejaa. Huzichoma nyuma ya choo kila mwisho wa wiki ili wateja wake walale usingizi. Alisita. Akasema wakijua nagawa nywele zao, kesho yake nauza nyanya. Kisha akacheka, akanijazia mfuko.

"Lakini mimi sikukupa, na wewe hukuja."

Bibi yangu alikuwa akizifukia nywele zetu nyuma ya ghala, na kucha pia. Nalijua hilo. Nimeziosha kwa sabuni, nikazianika, zikawa nywele tu.

Jumamosi, 25 Januari

Tumebadilishana! Mimi nimepata kifuko cha simu, kimeshonwa ovyo, zipu imepinda — Zamda huyo, hata sihitaji kukisia. Minza akakigeuzageuza kimto, akakinusa, akaona ile kijani. Akamrukia Mama Esperansi shingoni. Tausi wako nimemjua, mama!

Mama Esperansi akanitupia jicho. Akanyamaza. Sheria ni sheria. Nami nikanyamaza, nikifurahi kama mwizi.

Hilari, mtoto wa Minza, bado ananyonya, alichomoa sindano moja akataka kuionja. Minza akamchapa mkono. Akalia, kisha akalala mapajani mwangu, mzito kama mfuko wa mchele. Jasho lake limebaki kwenye gauni langu.

Jumatano, 29 Januari

Hilari ana degedege. Wamelazwa. Malaria imepanda kichwani, ndivyo daktari alivyomwambia Minza.

Mama mkwe wake kaja kutoka Nzega. Alikuwa anafagia chumba cha mtoto, akakikuta kimto dirishani, juu ya kitanda. Akakipasua kwa wembe. Nywele. Si za mtu mmoja — nyeusi, za kahawia, za rangi ya dukani, mvi. Na sindano zimesimama. Na kitambaa cha mtu anayejulikana.

Minza ndiye aliyenisimulia, kwa simu, akiwa wodini. Hakuwa analia. Aliniuliza jambo moja.

"Mama Esperansi nilimkosea nini?"

Nikasema Minza, ni mimi, nisikilize. Simu ikakatika. Nimepiga hadi chaji imeisha. Hapokei.

Nimetafuna kidole kwenye ile alama ya sindano mpaka imefunguka tena.

Alhamisi, 30 Januari

Nimekwenda kwao. Mama mkwe, Mama Lukumani, alinipa kigoda. Shikamoo, marahaba, karibu, poleni. Kisha nikayatoa yote. Kimto nimeshona mimi. Nywele nimetia mimi. Kitambaa niliombwa — hapana, niliomba mimi. Nilianza kukosea maneno. Nikaeleza mafuta, nikaeleza kutu. Nilijisikia ninavyosikika darasani.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Akasema mwanangu, wewe umesoma. Kazi hii si ya msomi. Yeye alitaka mikono tu, ukampa yako. Mtu mzima, mjane, macho mekundu, hatujui hata mumewe alikufa vipi. Wewe hukuona kwa sababu shuleni hamfundishwi.

Macho yake mekundu kwa sababu anashona joho za kwaya kwenye chumba kisicho na dirisha! Nilisema. Nilisema kwa sauti. Walinitazama kama wanavyotazama mtoto aliyekosa usingizi.

Kisha Lukumani, mume wa Minza, akauliza kitu kimoja. Nywele nilizitoa wapi.

Uso wa Zamda ukanijia. Nikasema aliyenipa nitamleta mwenyewe aseme. Mashemeji wakacheka. Lukumani hakucheka. Alikuwa na kile kitambaa cha kijani mkononi, anakikunja, anakikunjua, anakikunja.

Ijumaa, 31 Januari

Zamda amekataa.

Alikuwa na mteja ndani ya draya. Nilimnong'oneza. Akajibu kwa sauti, ili asikiwe, kwamba saluni yake huchoma nywele zote na hajawahi kumpa mtu hata unywele. Nikangoja. Mteja alipoondoka akafunga mlango. Akasema wewe unataka wanichome mimi badala yake. Nina duka, nina mama yangu kitandani. Nikisema nilitoa nywele za watu, hawatasema Zamda mjinga — watasema Zamda ndiye msambazaji. Mama Esperansi ana nini cha kupoteza mjini hapa?

Nikampiga. Kofi, halafu si kofi tena. Nilimshika nywele, naye akaning'ata kifundo cha mkono, tukaanguka pamoja na kioo. Kitana cha moto kilikuwa juu ya jiko. Nilikichukua. Nilikipeleka karibu na shavu lake mpaka nikasikia harufu ya vinyweleo vikiungua. Hakupiga kelele. Alifumba macho akasema fanya.

Ndani ya kipande cha kioo nikaona mtu ameinama juu ya mtu.

Nikakirudisha kitana juu ya jiko. Zamda akachukua ufagio akaanza kukusanya vioo. Bila kunitazama akasema nenda.

Kutoka hapo mpaka Mtendeni nilitembea mkono unachuruzika damu. Nikamsihi Mama Esperansi aondoke leo, arudi Ulyankulu kwa ndugu zake. Alikuwa anatunga uzi. Akaumaliza kwanza.

"Nilikimbia mara moja, mgongoni kwa mama yangu, Burundi ikiwaka. Nikikimbia na leo, mwanangu, nimekiri."

Akaniuliza Hilari anaendeleaje. Akanifunga kifundo kwa kipande cha kijani kilichobaki.

Jumapili, 2 Februari

Lazima niandike hili kabla sijalala, la sivyo litabaki mdomoni.

Ilikuwa baada ya misa. Alivaa kitenge chake, chenye pengo pale alipokata. Watu wakaliona pengo. Nilikuwa nyuma yake hatua chache. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililonitisha — barabara nzima ya Jumapili, kimya. Kisha filimbi. Kisha mwano, lile yowe la kuitana, likapokewa nyumba kwa nyumba mpaka likawa moja.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. Aligeuka kuona nani, kama mtu aliyeitwa jina. La pili mdomoni. Akaanguka, wakamfunika. Nilimwona mama auzaye vitumbua, anayetusalimu kila siku, akimpiga kwa ndara. Kwa ndara! Alikuwa analia huku akipiga. Kijana mmoja, shemeji yake Minza, alikuwa na mpini wa jembe. Akaanza na mkono wa kulia. Alisema kwa sauti yake ya kawaida kabisa: huu ndio unaoshona. Akaushusha, na tena, na tena. Nilisikia mifupa.

Mkasi ulikuwa kwenye mkoba wangu. Uliingia kwenye paja la yule kijana kama unavyoingia kwenye kitenge kilichokunjwa mara nne. Nguvu kidogo, kisha laini. Alinitazama kwa mshangao. Nikauchomoa, nikataka kuutumia tena. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitaka.

Katekista alijilaza juu ya Mama Esperansi, akapigwa yeye. Dereva wa bajaji akarudi kinyumenyume katikati ya watu mpaka tukampakia. Askari wawili wakafika, watu wakatawanyika; askari wakatushauri asirudi Mtendeni. Hospitali wamemshona mdomo, wamemfunga mkono hogo, ile plasta ngumu. Yupo hapa Ipuli, kitandani kwangu. Hilari yupo wodini, kwenye jengo lile lile la hospitali alikoshonwa Mama Esperansi. Tulipita mlangoni. Mama Esperansi akataka kuingia kumpa pole Minza. Nikamvuta kwa nguvu.

Sijanawa mikono mpaka sasa.

Jumatatu, 3 Februari

Ameomba sindano.

Anashona shati langu lililochanika jana, kwa mkono wa kushoto, ukingo wa kitambaa ameubana kwa goti. Mshono unakwenda upande kama wangu. Ameutazama, akacheka na mdomo ule, akajiumiza. Nikalia, akasema hora, hora — ndivyo kwao wanavyombembeleza mtoto.

Nimelipiga picha lile hogo na vidole vinavyotokeza, vimevimba, vyeusi. Nimemtumia Zamda. Bila neno. Ameiona. Hajajibu.

Mwenye nyumba kapita akasema kwa upole tutafute pengine. Ana watoto.

Jumanne, 4 Februari

Hilari amefariki. Alfajiri.

Minza ndiye aliyenitumia ujumbe. Neno moja, "amekwenda". Sijui kama ameniandikia kama rafiki au kama onyo. Mama Esperansi akapiga magoti akamwombea, akamtaja jina kamili la ubatizo. Mimi sikuweza. Nilikuwa nafikiria jasho lake kwenye gauni langu, ambalo nimelifua.

Sasa ni mchana na wako nje. Nimewasikia tangu walipokata kona ya kisima — filimbi, kisha mwano. Mwenye nyumba ameondoka na watoto wake kwa mlango wa nyuma, hakutuaga. Nimewapigia askari. Wamesema wako njiani. Geti ni la bati na kufuli yake ni kubwa, lakini bati ni bati. Mawe yanagonga kama mvua inayofikiri kwanza kabla ya kudondoka.

Kisha yakaacha. Sauti ya mwanamke.

"Mwalimu, fungua. Ni Zamda."

Nimelala kifudifudi kwenye matope nikachungulia chini ya geti. Ndara zake, zile za shanga nyeupe. Nyuma yake viatu, mabuti, miguu mitupu, ncha ya panga imeegemezwa chini. Na kando ya ndara zake, kile kiroba cha mahindi. Kimetoboka pembeni. Nywele zinatoka, upepo unazivuta kwenye matope, na mabuti yanarudi nyuma yasizikanyage.

Lukumani anamuuliza kuna nini humo. Sauti yake imekwisha, ya mtu aliyetoka kuchimba kaburi. Zamda anajibu atasema, lakini atasema mbele ya Mama Esperansi mwenyewe, si kabla. Mwingine anasema huyu naye ni wao. Mwingine anasema kimwage. Zamda anasema hakimwagwi mpaka geti lifunguliwe.

Nikifungua, wote wanaingia. Nisipofungua, yuko nje peke yake mbele yao na kile kiroba.

Nimerudi ndani. Nimesema Mama, ni mtego. Amekwisha kusimama. Amejifunga kanga yangu, amevaa na kile kitenge chenye pengo juu yake. Mkasi ulikuwa mezani. Nilipounyooshea mkono aliuwahi kwa mkono wake wa kushoto, akaurusha juu ya kabati nisikofikia.

"Mfungulie. Utamwachaje mwenzetu nje na watu wale?"

Ufunguo uko kwenye droo hii, chini ya daftari hili. Ndiyo maana naandika. Nimesimama, wino unaruka. Zamda anagonga tena, si kwa ngumi, kwa vidole, kama anavyogonga akija Jumamosi na vitambaa vyake. Mama Esperansi yuko mlangoni, kanipa mgongo, anasubiri. Mkono huu ukiacha kalamu utashika ufunguo.