Gramu Zangu Arobaini

Jumamosi. Mvua ya masika imekatika saa nne asubuhi, lakini milima ya Uluguru bado imejifunika ukungu. Nina aibu na nina udadisi, na kusema kweli sijui ni kipi kati ya hivyo kilichonipeleka Matombo leo.

Wiki iliyopita niliandika hapa kwenye blogu yangu kuhusu magome ambayo Bibi Klotilda, mganga wa mitishamba wa kule juu Matombo, huwachemshia watu wenye tumbo la kusokota. Niliandika kwa madaha. Tangu kiwanda chetu kilipobinafsishwa na maabara ikafungwa, ukemia wangu umebaki kwenye mizani ndogo na kiburi. Kwa hiyo sikuandika kiganja kimoja, kama anavyosema Bibi. Niliandika gramu arobaini kwa nusu lita ya maji.

Mdogo wangu Zaituni, anayeishi Mazimbu, aliisoma. Jumatano akamchemshia binti yake Mwanaidi, wa miaka mitano, kwa vipimo vyangu. Mtoto alitapika mpaka akalegea. Alilazwa siku mbili, jana ameruhusiwa na anakunywa uji.

Zaituni hajanigombeza. Angenigombeza ningepumua.

Leo nikapanda pikapu iliyokuwa inafuata ndizi, tukasukumana nayo kwenye tope mara mbili. Bibi nilimkuta barazani anapukuchua maharage. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Nilitegemea aniambie gome lilikuwa bichi, au mti haukuwa wenyewe.

"Nani alichota?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyechota, Zaituni alipima kwenye mizani ya dukani.

"Siku ile ulipokuja na tumbo lako, mie nilikwambiaje?"

"Uliniambia nichote mwenyewe, Bibi."

"Ukadhani mie mvivu."

Ndivyo nilivyodhani. Hata kwenye daftari niliandika kwamba mzee mikono inamuuma, akaniachia kazi. Kumbe kwao mgonjwa huchota dawa yake mwenyewe, na mkono wake ndio kipimo chake. Mtoto huchota kwa mkono wa mtoto. Mimi nilichota kwa mkono wangu huu mnene, nikaupima, nikautangaza kuwa dawa ya kila mtu.

Udadisi haunitoki hata nikiaibika. Nikauliza, na mtoto mchanga asiyeweza kushika kitu? Akasema huyo hampi kabisa, humwambia mama yake ashuke naye zahanati. Na mgonjwa aliyedhoofu? Kiganja chake hakifumbi vizuri, kinabeba kidogo, basi hunywa kidogo. Nilikaa kwenye kigoda nikisahau hata kuandika. Sijui kama hesabu hiyo inatosha kila mara, na ningependa sana kujua. Lakini inamtazama mgonjwa, na yangu haikumtazama.

Miaka yote ile ya maabara, sikuwahi kuuliza mkono ni wa nani.

"Na wengine walioisoma?" Bibi akauliza.

Nikamwambia siwajui. Wasomaji wangu wengi hawaachi hata salamu.

"Basi shuka, mwanangu. Chai utakunywa siku nyingine."

Nikapitia Mazimbu. Nikamwomba Mwanaidi achote mchele kwenye ungo, akaona ni mchezo, akajaza kiganja mpaka ukamwagika. Nikaupima kwa mizani yangu ndogo. Gramu kumi na saba. Nikachota wangu. Hamsini na tano, maana mchele ni mzito kuliko magome. Zaituni aliitazama ile namba, kisha akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Nikamfuata kambani, nikamwomba radhi. Alinipa shuka nishike upande mmoja, tukakamua.

Sasa niko internet kafe hapa mjini. Ile makala nimeifuta. Ningeweza kuishia hapo kimyakimya, na nilitaka sana iwe hivyo, maana jina la mkemia ndilo pekee nililotoka nalo kiwandani. Ila najua wapo wanaochapisha haya wakawapelekea mama zao vijijini.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba nilikosea. Kama uliinakili, chana karatasi. Kama mtoto wako ameshakunywa, mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje aanze kutapika. Na kama sufuria iko jikoni, mwaga.