Ng'ombe Wangu wa Igawa

Rafiki yangu Yusufu,

Tangu tukuzike Igawa masika yamekwisha na kipupwe kimeingia. Hapa Iringa asubuhi baridi ni kali hata chaki inaniponyoka. Mwezi ujao nastaafu. Walimu wenzangu wananipongeza, nami nacheka nao, lakini naogopa. Naogopa uzee kuliko nilivyoogopa fimbo za chuoni.

Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa wanafunzi wa ualimu, vitanda vyetu jirani, tukipewa vishilingi vya sabuni. Wenzetu walinunua viatu. Wewe ukasema, "Tununue mtamba." Nilikucheka sana. Nani aliwahi kuona mwanachuo pekupeku mwenye mtamba? Lakini tulimnunua. Baadaye ukaacha ualimu ukarudi kwenu kufuga, nami kila nilipopata mshahara nikakuletea sehemu yake. Ukaninunulia ng'ombe, ukawachunga pamoja na wako.

Kwetu mtu akikabidhi ng'ombe wake wafugwe katika zizi la mwingine, wazee hukaa, pombe ikanywewa, wote wakajua mnyama ni wa nani. Sisi hatukufanya hivyo. Pombe wewe ulikuwa huigusi, na mimi niliogopa habari zifike kwa ndugu zangu, maana mshahara wa mwalimu una wajomba wengi. Ukasema, "Mimi na wewe tunatosha." Kweli tulitosha, ulipokuwa hai. Kila mwaka ulimpa dereva wa lori kibuyu cha samli aniletee, nikajua ng'ombe ni wazima. Mwaka huu samli haikuja.

Siku ya kuondoa matanga mkeo aliniita pembeni. "Shemeji," alisema, "tumshukuru Mungu, marehemu katuachia hawa ng'ombe. Watoto watasoma." Nikajibu, "Amina."

Pensheni yangu itakuwa ya chumvi na mafuta ya taa tu. Mke wangu anajua, kwa kuambiwa na mimi tu, kwamba tuna ng'ombe kwako, na juzi alinionyesha mahali anapotaka zizi lijengwe. Nikaitikia tu.

Nikinyamaza, tutazeeka tukigonga milango ya majirani. Nikisema, nitaitwa mwalimu aliyekuja kula mali ya yatima. Na kuna hofu nyingine, Yusufu, naona haya kuiandika. Sijui kama ulikusudia kumwambia mkeo homa ikakuwahi, au hukukusudia kabisa. Nisamehe. Hofu haina adabu, inamshuku hata aliyelala kaburini.

Jumamosi napanda lori kuja kwenu. Nitakaa na mkeo na mdogo wako, niwaeleze yote tangu ule mtamba wa chuoni. Wakinisadiki, ng'ombe wa maziwa nitawaacha palepale mpaka watoto wako wamalize shule. Hilo nakuahidi, na mke wangu nitamweleza mwenyewe, najua atanuna. Wakiniuliza shahidi wangu ni nani, nitataja jina lako, maana sina mwingine.

Pumzika, ndugu yangu. Hata nikirudi Iringa mikono mitupu, hakuna atakayesikia kinywani mwangu kwamba ulinidhulumu.

Wako,
Elia