Mtoto Aliyeacha Kutembea

Mwanangu Shabani,

Watu waliotoka Salale wanasema wamekuona huko kwenye mikoko unakata boriti, mzima, una mikono miwili na mdomo. Basi salamu ndefu sina. Nina neno moja, na mwalimu wa chuo cha Kurani anayeniandikia nimemwambia asilipambe: huyu mtoto ni wako au si wako?

Usijifanye hujui mtoto gani. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama na ndege wameshapata habari zake. Niko juu ya dungu, kibanda chetu cha nguzo shambani, nawinga ndege, nikamwona mwanamke chini, kaniki imening'inia kwenye mifupa, mtoto mgongoni.

"Hodi, mama."

"Mama wa nani?"

"Wa Shabani. Miye Somoe, nimetoka Umatumbi. Huyu mjukuu wako."

Nikacheka. Tangu askari wa Mdachi wachome maghala kule milimani, kila mwenye njaa ana bibi yake huku bondeni penye mpunga. Nilimwambia hivyo hivyo, toka juu, wala sikushuka.

Jioni shangazi yako Mwajuma akaja, tukamweka mtoto kwenye mkeka uani, tukamkagua. Somoe anasema alizaliwa kabla ya vita, na vita ilipoanza alikuwa anatambaa. Misimu miwili imepita tangu hapo. Mtoto huyo angekuwa anakimbiza mbuzi. Huyu tukimkalisha anakaa, tukimsimamisha miguu inakunjika kama kamba mbichi.

"Huyu hana hata mwaka," shangazi yako akasema. "Hesabu mwenyewe. Shabani alikuwa ameshapotea."

Unajua sisi tunavyohesabu. Mtoto hatumuulizi siku aliyozaliwa, tunamtazama miguu. Akiinua shingo ni miezi kadhaa, akikaa kitako ni kadhaa, akisimama dede nguo zake za kwanza zimeshachanika. Hesabu hiyo niliijua kwako. Nilikuchimbia shimo mchangani nikakutia mpaka kiunoni, ukakaa humo umenyooka kama unaamua kesi. Kutambaa ukakataa, ukasota kwa makalio uwanja mzima, na shangazi yako akanong'ona kwa watu kwamba nimezaa mtoto mwenye kiuno kibovu. Sijasahau. Ukasimama dede umeshika kinu changu, na miye mchi uko juu, nikautupa kando. Na siku ulipoachia, nimekunyooshea mikono yote miwili, hukuja kwangu. Ulimfuata kuku. Hilo nalo sijasahau.

Ulikulia kwenye dungu, kamba kiunoni, nimekufunga kwenye nguzo usianguke majini. Ngazi ulijifunza kuishuka kinyumenyume kabla hujajua kwenda vizuri ardhini. Basi hata tuliporudi nyumbani, kila ukifika mlangoni ulikuwa unageuka, unatanguliza makalio. Nikikucheka unasema, "Mama, pengine kuna maji." Kisha ukawa wa kushika pondo, mtumbwi ukakuzungusha siku nzima palepale kama kuku aliyekatwa kichwa, mpaka ukautia adabu. Kisha miguu hiyo hiyo ikakupeleka Umatumbi na mzigo wa chumvi, ukawa unakawia, na miye mjinga nikadhani chumvi haina wanunuzi.

Halafu ikakupeleka kunywa yale maji ya dawa ya vita na wenzako. Nilikuuliza, "Hayo maji umeona yamemzuilia nani risasi?" Ukaniambia, "Mama, nyamaza, watu wanasikia." Nikanyamaza. Ni mara moja tu maishani mwangu, na tazama imetuletea nini.

Nirudi basi kwa huyo Somoe, jioni ile. Nilimwambia mbele ya majirani, "Mtoto wa mwaka mmoja unambebesha miaka mitatu, umemzaa na nani huko porini?"

Hakulia. Alisema taratibu, "Alikuwa anatembea, mama. Tulipokimbilia mapangoni tukawa tunakula mizizi. Akaacha kutembea. Kisha akaacha kusimama. Kisha kutambaa. Nilikuwa namtazama anarudi."

"Nani kasikia mtu anarudi nyuma?" nikamjibu, nikainuka niondoke. Nilishika nguzo, nikainuka kwa magoti, nikapumzika, nikainuka tena. Watu wote wananitazama. Miye niliyekuwa nikivuka mto na gunia kichwani, sasa dungu lenyewe nalishuka kwa makalio. Nikajisikia aibu, na nikamkasirikia yeye kwa aibu hiyo.

Nikamwambia alale jikoni, asubuhi aende zake.

Asubuhi nilikuta amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Shangazi yako, kwa ule uhodari wake wa kuaga watu wasiotakiwa, akamtia mtoto kidole cha uji mdomoni. Akapiga ukelele.

"Kaning'ata!"

"Kwa meno gani ya kung'ata hivyo, wewe si umesema hana mwaka?" nikamuuliza.

Tukamfungua kinywa. Magego, Shabani. Juu na chini, yamekamilika. Njaa ilichukua miguu, meno ikayaacha. Shangazi yako akabaki ananyonya kidole chake.

Sasa usifikiri nililainika. Magego yanasema umri, hayasemi baba. Nilimwambia Somoe akae mpaka mtoto apate nguvu, basi. Nikawa namchunguza. Anapopepeta mpunga nahesabu anavyopeleka mkono mdomoni. Akiongea na watu njiani nauliza kasema nini. Siku moja nimemfokea kwa ajili ya sufuria, akacheka. Nikamuuliza anacheka nini.

"Shabani aliniambia utanifukuza mara tatu, ya nne utanipikia. Nilikuwa nahesabu."

Nikajua kuna mtu amenisema. Maneno hayo hayaokotwi njiani. Lakini pengine aliyasikia kwa mwingine. Wewe ulikuwa unanisema kwenye kila kibaraza.

Mtoto akapata nguvu, akarudia hatua zote alizopoteza, ila mbio. Kilichomchukua mwingine miezi, yeye alikimaliza kwa wiki. Leo kasota, keshokutwa katambaa, kashika kinu, kasimama. Ilikuwa kama mtu anayekumbuka njia.

Juzi asubuhi alitoka jikoni kwa miguu yake, anayumba. Akampita mama yake. Akampita shangazi yako. Akaja akashika mkongojo wangu, akauvuta. Nilitaka kumzaba kofi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mume wangu, ukininyang'anya fimbo nitasimama na nini?"

Somoe aliinamia ungo, akapepeta pumba ambazo hazimo.

"Umemwitaje?" shangazi yako akauliza.

"Umesikia."

Unajua hapa kwetu bibi hamwiti mume mtoto wa mtu baki. Basi njoo, useme ndiyo au useme siyo. Ukisema ndiyo, una mke wa kumwomba radhi, na mama wa kumweleza ulivyomficha. Ukisema siyo, ugomvi huo ni wangu na wewe, mtoto haumhusu. Nimeshamwita mume mbele ya watu, na miye neno langu silimezi.

Miye niliyekuzaa,
Mama yako, Mtawanya