Kwa Nini Nilikata Simu Siku ya Idi

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Kifua kimetulia? Mvua za alasiri zikianza hapo Kisii, nawe ukae kibarazani pa duka bila sweta, kikohozi hakikosi. Na Nuru je, amemzoea mwalimu mpya? Mwambie mamake anamuulizia kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi huku Ujerumani namshukuru Mungu, nina nguvu za kukaa mezani na kuandika, na hilo, Mama, sikuandikii kwa mazoea tu. Utaona.

Nimechukua karatasi kwa sababu mambo ninayotaka kukwambia siyawezi kwa simu. Barua hii niliianza Jumanne na leo ni Ijumaa. Naandika kidogo, nalala kidogo, narudi.

Siku ya Idi mlinipigia nyumba nzima. Mliweka simu spika nikasikia kila kitu kwa pamoja: Shangazi wa Mosocho akicheka, sahani, watoto wa jirani, na Nuru juu yao wote, "Mama, Mama, niulize nimevaa nini!" Nikakata simu. Mkapiga tena, sikushika. Jioni ukaniandikia, "Zaituni, siku hizi unatuongelesha kama karani wa benki. Kama umetuchoka, sema."

Sijawachoka. Mlipokuwa mkipiga mara ya pili nilikuwa nimekaa sakafuni bafuni, nimefunika masikio kwa taulo, nalia kwa kushindwa kumuuliza mwanangu amevaa nini.

Mama, niliumwa. Mwaka juzi nilikwambia ni mafua. Hayakuwa mafua. Niliumwa sana, na nikakuficha.

Ilikuwa kiangazi changu cha kwanza huku. Siku ya mapumziko tulikwenda na wenzangu wa kazini kando ya msitu kuchuma matunda ya porini. Kesho yake nikioga nikaona kupe amening'inia nyuma ya goti. Nilimcheka. Nikasema, hata huku mko? Kwetu kupe ni shida ya ng'ombe na mbuzi. Nikamng'oa, nikamtupa, nikamsahau.

Baada ya siku kadhaa nikapata homa na maumivu ya viungo, kama malaria hivi. Ikaisha, nikarudi kazini pale nyumba ya wazee. Wiki moja nilikuwa mzima kabisa. Halafu ikarudi nyingine. Kichwa kilipasuka, shingo ikakakamaa, mwanga wa dirisha ukanichoma macho. Asubuhi ile nilikuwa namvalisha bibi mmoja sweta, nikawa nahangaika kufunga kifungo chake kwenye tundu la koti langu mimi. Yeye ndiye aliyepiga kelele watu waje.

Hospitalini walinitoa maji ya uti wa mgongo. Daktari akaniambia, "Ni kirusi cha kupe. Kimefika kwenye ubongo. Dawa ya kukiua hatuna, tutausaidia mwili wako upigane nacho." Kumbe chanjo ipo, na wenzangu wengi walikuwa wamechanja. Mimi sikuuliza na mimi sikuulizwa.

Wiki tatu nilikuwa wodini. Zipo siku ambazo sizikumbuki hata kidogo. Ule ujumbe uliopata kwamba simu yangu imeingia maji, aliuandika Bosibori, yule binti wa Kebirigo niliyesafiri naye. Nilimshikilia mkono mpaka akakubali. Usimkasirikie, Mama. Bosibori ndiye aliyeniosha nywele na kunilisha uji kwa kijiko. Na sababu ya kukuficha ni moja tu: Baba alikuwa hajafikisha arobaini kaburini. Ningekuambiaje kwamba na mimi nimelala huku?

Nikatoka hospitalini nikitembea kwa miguu yangu, watu wakanipongeza. Nilidhani mtu akitoka hospitali amepona. Niliporudi kazini ndipo nikaona sivyo. Nikimimina chai, mkono unatetemeka. Nikishuka ngazi, lazima nishike ukuta. Ikifika saa sita mchana, kichwa kinajifunga. Watu wawili wakizungumza pamoja, simsikii hata mmoja. Siku moja nililitafuta neno "kijiko" nikalikosa kwa Kijerumani, nikalikosa kwa Kiswahili, nikakaa kitako jikoni. Na swala, Mama! Nasimama, nainama, nasujudu, halafu sijui kama hii ni rakaa ya pili au ya tatu.

Msimamizi wangu akasema, "Vipimo vyako ni safi. Labda umekumbuka nyumbani." Mwezi baada ya mwezi nikaanza kuamini kwamba nimekuwa mvivu, au akili imeniruka. Nanyi nikawa nawapigia simu fupi fupi, nasema habari, nzuri, haya, kwaheri, kabla hamjanishika nimepotea katikati ya maneno.

Aliyenitambua ni mzee mmoja hapo kazini, Bwana Reinhold. Ujanani alifanya kazi msituni, ya kupanda na kukata miti. Ni mtu wa maneno machache, wengi wanamwogopa. Siku hiyo nilimmiminia chai, nusu ikaingia kwenye kisahani. Nikaanza kuomba radhi. Akanishika kifundo cha mkono, taratibu, akautazama unavyotetemeka.

"Kupe?" akaniuliza.

Nilishtuka. "Umejuaje?"

"Na mimi pia. Mwaka ule kijana wangu alipoanza shule. Sasa ana mvi."

Nikavuta kiti nikakaa, jambo ambalo haturuhusiwi. Nikamuuliza, "Ulichukua muda gani kupona?"

Akafikiri. "Mkono ulitulia mwaka wa pili. Uchovu, mwaka wa nne hivi. Kelele sijazizoea mpaka leo, ndiyo maana nakula humu chumbani. Lakini nimelea watoto watatu. Nimepanda miti, huwezi kuihesabu." Kisha akaniuliza, "Kwenu wanajua?"

"Hapana."

"Mimi sikumwambia mke wangu. Nilijikausha tu, nikawa simjibu. Alikaa miaka miwili akidhani simpendi tena, na tulikuwa tunakula meza moja."

Mama, nilikwenda stoo ya mashuka nikalia mpaka nikajihisi mwepesi. Kwa sababu wewe uko mbali zaidi ya meza.

Tangu hapo tukawa marafiki. Nilipomwambia habari ya rakaa, akasema, "Mimi nitakuhesabia." Nilidhani anatania. Sasa adhuhuri, nikimaliza zamu, natandika mkeka chumbani kwake. Anageuza kiti kuelekea dirishani ili asinitazame, na kila akinisikia nikisimama kwa rakaa mpya anagonga mkono wa kiti kwa pete yake. Hajui neno hata moja ninalosoma, lakini hajawahi kukosea. Kama kuna dosari katika jambo hilo niulizie msikitini, nitakalojibiwa nitalifuata.

Yeye ndiye aliyenihimiza nimwone daktari mwingine, wa mishipa ya fahamu. Nilimkuta mama mmoja mpole. Hakuangalia damu peke yake. Alinipa maneno niyakumbuke, akanisimamisha kwa mguu mmoja, akanizungumzisha huku redio inalia, kisha akaizima na kusema, "Wewe si mvivu na hujapata wazimu. Wengi waliolazwa kwa ugonjwa huu wanatoka wakionekana wazima na bado wana safari ndefu. Mengi yatapungua. Mengine huenda yakabaki, utajifunza kuishi nayo." Nilimshukuru kana kwamba ameniambia nimepona kabisa.

Sasa nafanya kazi mpaka mchana tu, kisha nalala. Ngazi nashuka bila kushika ukuta. Mkono umetulia kiasi unachokiona kwenye mwandiko huu, na pale palipopinda, jua nilikuwa nimechoka. Kelele bado.

Desemba nimepata likizo, nakuja nyumbani. Nakuomba kitu kigumu: siku ya kwanza pasiwe na shughuli. Wasije jamaa, pasipigwe vigelegele. Niwekee chumba cha nyuma, nipikie ndizi, ukae nami. Wengine waje kidogo kidogo, siku zinazofuata. Wakisema Zaituni anaringa, waache waseme, wewe unajua.

Na Nuru, mpe simu kila Ijumaa akitoka madrasa, peke yake, mlango umefungwa. Akiwa peke yake naweza kuzungumza naye mpaka achoke yeye. Mwambie mama hakukata simu kwa sababu yake. Mwambie kichwa cha mama kiliumwa na sasa kinasikia mtu mmoja mmoja, na anataka awe yeye wa kwanza. Atakuuliza maswali mengi. Usimfiche kitu, mimi nimeona kuficha kunatufikisha wapi.

Nisalimie Shangazi wa Mosocho, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa siku ile. Nisalimie kaka Juma, na mwambie asinitumie sauti ndefu za dakika kumi, aandike. Msalimie jirani yako muuza ndizi, Mama Kemunto, na mkewe Juma ambaye sijamwona tangu ajifungue.

Jambo la mwisho. Mamake Bosibori anauza katika soko la Kebirigo, na amemwambia bintiye kwamba ile meza yako ya leso iko tupu tangu mwezi wa Ramadhani, na kwamba alipokuja mjini kukujulia hali alikukuta unaswali kwenye kiti. Kwa simu uliniambia biashara ya Kebirigo imelala tu. Mama, ni magoti? Ni nini? Mimi nimeyasema yangu yote, hata ya sakafuni bafuni. Sasa ni zamu yako. Mpe Nuru kalamu akuandikie, na usimruhusu apunguze.

Mwanao akupendaye,
Zaituni