Karai Ambalo Hatukulisuuza

Mpendwa mke mwenzangu Kabula,

Shangazi yako ndiye ameshika kalamu. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba. Babu yako ni mzima, mguu tu unamsumbua. Bado ni mume wetu sote wawili, ingawa uliniachia mimi ukaenda Ulaya kupima vitu visivyoonekana.

Nina marahaba za wiki tatu hapa, shikamoo haiji. Sababu ninaijua. Mara ya mwisho ulipopiga simu ulinieleza polepole kama unamlisha mgonjwa: mnarusha elektroni kwenye chombo chenye hidrojeni, zikifika kwenye protoni, baadhi yake zinapinda. Mnahesabu ngapi zimepinda na kwa pembe gani, na hesabu hiyo inawaambia protoni imeziba njia kwa upana gani.

Nikakuuliza, "Na ukuta wa chombo haupindishi?"

Ukacheka. "Bibi, ungekuwa profesa wewe! Unapindisha. Ndiyo maana tunapima chombo kitupu, halafu tunaitoa hesabu yake kwenye ile ya kwanza."

Kisha sauti ikashuka. Chombo kilibadilishwa, na wewe ulitoa kipimo cha kile cha zamani. Namba zimetoka nzuri, mkubwa wako amezisifu, hakuna aliyegundua. "Nikisema, Bibi, kazi ya mwaka mzima inaanza upya."

Unalikumbuka karai la kule Kharumwa? Babu yako alileta mawe ya duara lake jipya, lile shimo la dhahabu, tukayatwanga, tukayaosha karaini. Chini ukabaki mstari wa dhahabu, mwembamba kama ukucha. Akapiga yowe hadi majirani wakaja. Ulikuwa na miaka saba. Ukanivuta khanga: "Bibi, jana tuliosha mawe ya jirani humu. Hatukulisuuza."

Nikakufinya. "Nyamaza. Mume wetu amefurahi."

Akachimba kiangazi chote. Mvua ikanyesha, wenzetu wakapanda, yeye yuko shimoni. Hakupata hata punje. Mwaka ule tulikula michembe mpaka ukawa ukiiona unalia. Viazi vikavu asubuhi, viazi vikavu jioni, na mimi najua kwa nini, na sisemi.

Kwa hiyo kunyamaza ulijifunza kwangu. Siwezi kukutuma mahali ambapo mimi mwenyewe sijaenda. Jana tukiwa tunakula nimemwambia babu yako habari ya karai.

Akarudisha tonge kwenye sahani. "Kiangazi kizima, mwanamke!" Akaenda kwa ng'ombe wake. Mpaka sasa hajanisemesha. Lakini maji niliyompelekea asubuhi, ameoga.

Nenda kamwambie mkubwa wako, kabla hizo namba hazijatoka kwenda kwa watu wakaanza kuchimba. Pimeni hicho chombo kipya kikiwa kitupu. Akikufukuza, rudi. Kitanda chako kipo, na mume wetu kwa sasa anahitaji mtu wa kuongea naye.

Ni mimi bibi yako,
niliyekufinya.