Karatasi ya Rangi ya Chungwa

Jumanne, 30 Aprili
Mvua. Lifti mbovu tena. Zuhura kapanda ngazi hadi kwangu, anahema, mkononi kopo la iliki. Kaja tupange khitma ya marehemu mume wangu, Jumapili hii. Yeye maandazi, mimi pilau. Katika jengo hili zima la Tottenham ndiye pekee anayegonga mlango wangu. Binti yangu yuko Croydon. Hupiga simu.

Wakati wa kuondoka kanikumbusha uchaguzi wa baraza la London. Mwanawe Suleiman anagombea. "Karatasi ya rangi ya chungwa, shoga. Hiyo ndiyo yake."

Chama hakukitaja, nami sikuuliza. Yeye Mpemba, mimi wa Unguja, na tangu tujuane huku habari za vyama hazivuki kizingiti changu. Hata vikaratasi vya kampeni navitupa bila kusoma. Vyama ndivyo vilivyomzuia mama mdogo asije kumzika mama yangu, na nyumba zetu ukuta mmoja.

Alhamisi, 2 Mei
Nimepiga kura. Nimeonyesha pasi ya basi kuwa kitambulisho, nikapewa karatasi tatu. Ile ya chungwa nimeisoma juu hadi chini, nikarudia. Suleiman hayumo. Picha hakuna, jina lake hakuna, vyama tu. Watu wamejipanga nyuma yangu, nikaona haya kuuliza. Nimeikunja bila alama nikaitumbukiza. Mjinga mimi.

Ijumaa, 3 Mei
Nimemwambia Zuhura. Nilidhani atacheka.

"Hukumuona, au hukumtaka?"

Kanieleza kwa ukali. Kwenye karatasi ile unachagua chama, na chama kina orodha yake. Suleiman ni wa nne. Kura zikitosha viti vinne, anaingia. Nimemwambia sikujua chama chake. "Nyinyi watu wa Unguja tunawajua," kasema. Kashuka. Chai yake kaiacha kikombe kimejaa.

Nimekasirika. Halafu nimelia.

Jumamosi, 4 Mei
Matokeo. Chama chao viti vitatu. Kura yangu moja isingemwingiza, lakini nani atamwambia Zuhura? Simu yangu hapokei. Binti yangu kasema, "Mum, it's just a vote." Hajui. Afadhali hajui.

Jumapili, 5 Mei
Khitma. Binti yangu kaja na mumewe, wakaondoka mapema kuwahi treni. Maalim kasoma vizuri. Kila mlango ulipolia niliinuka mimi. Zuhura hakuja. Hata kwa maiti wangu. Nimeumia kuliko nilivyodhani naweza kuumia bado.

Jioni nimeshuka na pilau kwenye sahani yangu ya maua ya buluu. Nimeiweka mlangoni kwake, nikagonga, nikakimbilia ngazi. Niliogopa kuuona uso wake.

Jumatatu, 6 Mei
Nimepita kwake nikijifanya naenda dukani. Sahani haipo. Kaichukua.

Alhamisi, 9 Mei
Sikusema na mtu leo ila dereva wa basi.

Jumapili, 12 Mei
Jua. Lifti wameitengeneza. Nimechemsha chai kwa iliki aliyoniletea, nimeinywa dirishani.

Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ingerudi tupu, ningejua urafiki umekwisha. Siku zote hizi nasikiliza ngazi, na haijarudi. Iko kwake. Sitaiulizia.